Mdomo wa Kwanza

3 Februari

Mdogo wangu Sharubu,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu na wote walio chini ya paa lako. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linajua hali ya hewa kuliko redio. Nilistaafu, nilikuandikia, lakini chumba cha ushonaji cha hospitali kimeniita tena. Waliyemweka badala yangu alikuwa anashona magauni ya madaktari wa upasuaji kwa mshono mmoja, yakichemshwa mara tatu yanaachia kwapani. Basi nipo kwenye meza yangu ile ile, na mashine mpya inayoringa kuliko aliyeinunua.

Ninaandika kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga unasema, "Ngoja nikupe wifi yako," na kabla sijajibu nimeshapewa. Wifi yangu tunapatana, lakini wifi si wewe. Barua huwezi kumpa mtu akuongelee.

Nimesikia umekuwa babu. Hongera. Nimezipata habari kwa mwanao, si kwako, na zimenifikia mtoto akiwa na wiki tatu. Msichana, kilo mbili na nusu, nywele nyingi. Akaniambia na lile lingine: "Shangazi, mdomo wake wa juu umepasuka upande wa kushoto mpaka kwenye pua, na ndani kaakaa lina tundu." Alilisema haraka, kama mtu anayevuka barabara. Kisha akasubiri nimwambie neno. Nilimwambia mtoto ni wetu na madaktari watamshona. Neno alilokuwa akilisubiri sikumwambia.

Anasema hospitali ya huko kuna daktari mwanamke anayekusanya familia zenye watoto wa hivyo. Anachukua mate ya wazazi, ya mabibi na mababu wa pande zote mbili, atazame vinasaba: asili ya kila mmoja ilitoka wapi, na ni nini kinachotembea ndani ya ukoo. Baba wa mkamwana wako ametoa. Wifi ametoa. Wewe umesema huna muda.

Mdogo wangu, kutema mate kwenye kichupa kunachukua muda gani?

Nakuomba uende, na ukifika ukaulizwa, ujibu. Unajua ninachosema. Tuliobaki tunaojua ni wawili.

Ni dada yako, anayekukumbuka kila akitunga uzi.


11 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika, nikaiweka, kazi zikaingia juu yake. Usinihesabie siku.

Huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu. Presha imeshuka tangu aache chumvi, ila hasira ndiyo imepanda. Studio inakwenda kwa kuchechemea. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu zao, wakija kwangu ni kwa picha za pasipoti tu, nazo zina masharti: usicheke, usiinamishe shingo, masikio yaonekane. Kutwa nzima kazi yangu ni kuwakataza watu kucheka.

Kuhusu mtoto, ni kama alivyokuambia mwanangu. Lakini umeandika kana kwamba kuna kitu nimekificha, nami nataka tuelewane. Babu yake mkamwana, mzaa baba yake, alikuja kwa meli kutoka ng'ambo, mbali huko mashariki, akaoa hapa akabaki. Wenyewe hawalifichi, ukimtazama baba yake machoni unaliona. Sasa gazetini nimesoma, na kipande nakuwekea nakala yake humu, kwamba wenye asili ya huko, mtoto mmoja katika mia tano huzaliwa na mdomo wa namna hiyo. Wenye asili kama yetu ni mmoja katika elfu mbili na zaidi. Si maneno yangu, ni ya wataalamu. Mke wangu alipokisoma kile kipande alikibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Mimi sikumwambia akibandike. Wala sikumwambia akitoe.

Kwetu hakuna kitu kama hicho. Hakijawahi kuwapo. Kwa hiyo mate yangu yatawasaidia nini?

Nimekuwekea na picha ya familia. Nimeipiga mwenyewe, kamera ya kujifyatua, taa mbili, pazia la kijivu. Mtoto ameonekana vizuri, amelala.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na mkeo pia. Hapa tumepata baridi ya ghafla, vidole vinagoma asubuhi, mpaka saa tatu ndipo vinakumbuka kazi.

Picha nimeipata. Niliitazama chini ya ile taa yangu ya kutungia uzi. Wewe umesimama nyuma, sharubu zimechanwa. Wifi amependeza. Mwanao anatazama pembeni. Na mjukuu wangu ninamwona nywele na macho mawili yaliyofumba, kwingine kote ni shali.

Nilimpigia mwanao nimuulize. Akaniambia yote. Alisema, "Baba alitoka nyuma ya kamera akavuta shali la mtoto mpaka chini ya macho. Mke wangu akalishusha. Baba akalipandisha tena, akamwambia, 'Ni kwa faida yake, asije akakua akaiona.' Mke wangu akaacha. Picha ikapigwa." Wakarudi nyumbani kwako kunywa chai, na mkamwana alipokwenda kuchukua maziwa akakikuta kipande cha gazeti kwenye friji, babu yake akiwa amegeuzwa namba. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto kifuani akaenda kwa baba yake, na hadi leo yuko huko. Haya hukuniandikia, ingawa ulipoandika yalikuwa yameshatokea.

Mwanao anasema mkewe alimuuliza jambo moja tu: "Wewe ulikuwa wapi shali likipandishwa?" Naye alikuwepo.

Sentensi yako, "Kwetu hakuna kitu kama hicho," nimeisoma mara tatu, nikitafuta mahali inapoachia. Tangu mwanao ni mdogo ananisimulia kwamba baba alianguka na baiskeli akapasuka mdomo, ndiyo maana hanyoi sharubu. Mkeo naye anajua ni baiskeli. Mdogo wangu, nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na baiskeli.

Sijamwambia kitu. Mama aliniapisha, na mpaka leo nimeshika kiapo. Lakini unanichosha mkono.

Dada yako.


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku wazima.

Nilichomwambia mke wangu ni kati yangu na mke wangu. Mkamwana ameondoka kwa miguu yake, hakufukuzwa na mtu. Ukimwambia mwanangu neno lolote, jua kwamba ulizaliwa peke yako.

Na mama mwache alikolala. Mama hakuniaibisha hata siku moja, na wewe usianze.

Ni mimi.


27 Mei

Mdogo wangu,

Wiki tano zimepita sijakujibu. Huku salama. Goti limechomwa sindano, sasa napanda ngazi bila kuzitukana. Tumeletewa majora ya kitambaa cha kijani cha kufunikia wagonjwa wakipasuliwa, nimekata na kushona bila kusema na mtu, nikapata nafasi ya kufikiri.

Umeandika mkamwana hakufukuzwa na mtu. Maneno hayo nililetewa na jirani nikiwa na miaka minane. Baba alimwambia hivyo hivyo, "Hakufukuzwa na mtu," na wakati huo mama alikuwa ameshaondoka, na wewe, na mimi, na sanduku la bati.

Hili hulijui. Unajua ulizaliwa na mdomo uliopasuka. Mama alikuambia ulipoanza kuota ndevu. Yaliyotupata hakukuambia, na akaniapisha nisikuambie. Alipokuwa anaumwa mara ya mwisho nilimuuliza tena, akasema, "Akijua atajiona yeye ndiye aliyenitoa nyumbani. Mwache." Nimekuacha miaka hamsini na saba. Leo navunja kiapo, lakini nakivunja kwako tu. Mwanao sitamwambia. Hilo ni lako.

Ulizaliwa asubuhi. Mkunga alikufunika gubigubi, akamwita bibi mzaa baba kabla ya kumwita baba. Bibi akafunua, akakutazama, akasema, "Huyu si wetu. Kwetu hakuna kitu kama hiki." Hakufoka. Alisema kama mtu aliyeletewa mzigo wenye anwani ya nyumba nyingine. Wewe ulikuwa na saa moja duniani.

Siku chache baadaye watu wa upande wa baba walikaa sebuleni. Wakautaja ukoo wa mama mtu mmoja mmoja: nani alioa wapi, nani alizikwa bila kuonyeshwa watu, nani damu yake ilitoka nje. Mama alikuwa chumbani anasikia. Mimi nilikuwa naye, nimemshika kidole. Baba aliketi karibu na mlango akichokoa kucha kwa kijiti cha kiberiti. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kesho yake tukaondoka.

Tulikaa kwa babu mzaa mama mwaka mmoja na miezi saba. Alitupa chumba cha stoo, tukahamisha magunia na mizani. Ndipo daktari mgeni akapita hospitali ya wilaya, akashona watoto kumi na mmoja kwa wiki mbili. Wewe ulikuwa wa nne. Mshono ulipokauka, baba akaja. Alikutazama mdomo, akaona umefunga, akasema, "Haya, twendeni." Kama mtu aliyekuja kuchukua saa yake kwa fundi. Mama akamfuata. Tangu siku hiyo sikumsikia akisema "mume wangu". Alisema "baba yenu" mpaka wote wawili wakafa.

Na kuna hili, ambalo hata mama hakulijua. Kwenye msiba wake, dada mkubwa wa baba aliniita uani. Akaniambia bibi alikuwa na mtoto wa mwisho, yule tuliyeambiwa alikufa kwa homa. Alizaliwa na mdomo kama wako. Hakuweza kunyonya, alikaa siku kumi na moja. Kwa hiyo bibi alipofunua ile nguo, mdogo wangu, alikuwa anakijua anachokiona.

Baba aliketi karibu na mlango. Sasa kiti hicho umekikalia wewe.

Dada yako.


9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo. Goti linaendeleaje? Mke wangu anasema ukandwe kwa maji ya moto na chumvi. Chumvi aliyoikataa mwenyewe sasa anawagawia wenzake.

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha nyuma, nilichokuwa nasafishia picha enzi za filamu. Sasa tunaweka viti vibovu. Nilikaa juu ya mojawapo mpaka mteja akaondoka kwa kuchoka kugonga.

Usije ukadhani niliinuka siku ile ile. Wiki tatu nzima sikufanya kitu. Nilifungua studio, nikawakataza watu kucheka, nikafunga. Kisha Jumapili moja mke wangu alikuwa anachambua mchele, nikamwambia, "Hakukuwa na baiskeli."

"Baiskeli gani?"

Nikainua sharubu kwa kidole. Nikamwambia nilizaliwa hivi. Nikamweleza na habari za mama na sanduku la bati. Aliendelea kuchambua mpaka sinia likaisha. Ndipo akaenda kwenye friji akakichana kile kipande cha gazeti. "Miaka thelathini na moja," akasema, "na umeniacha nimbandikie mtoto wa watu maneno yale." Nikasema ndiyo. Hakunisemesha siku nne, na alikuwa na haki hata ya nane.

Nikaenda. Mzazi mwenzangu, baba wa mkamwana, kama unavyojua, ni fundi friji. Nilimkuta karakanani amelala ubavu nyuma ya friji la dukani, mkono mzima umezama ndani. Hakuinuka.

"Unatafuta nini, Sharubu?"

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu."

"Hapa anaitwa Chiriku. Akilia anapitishia puani, utadhani ndege. Lakini wewe utajuaje, hukuwahi kukaa naye."

Nikamwambia nilichokuja kusema. Akautoa mkono taratibu, akaufuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Baba yangu mlimtundika kwenye friji," akasema. "Nimetengeneza mafriji miaka yangu yote. Nimekuta nyama, nimekuta dawa, siku moja nimekuta viatu. Mtu ilikuwa mara ya kwanza kusikia." Akasogeza miguu, nikapita kuingia ndani.

Mkamwana alikuwa karibu na dirisha, amemkalisha mtoto wima, anamlisha kwa chupa laini ya kuminya. Mwanangu alikuwepo, alihamia huko mwezi wa tano, nami sikukuandikia kwa aibu. Niliposema nilizaliwa kama mtoto wake, mkamwana hakuinua macho. Akasema, "Baba, sema kwa sauti, mume wangu asikie." Nikasema tena kwa sauti. Mwanangu akatoka uani, nikasikia anafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu bila ndoo.

Nilimwomba msamaha kwa ajili ya shali. Akaniambia, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Akamweka mtoto begani, akauliza, "Wewe walikulishaje? Chupa hizi hazikuwapo."

"Sijui."

"Hukuwahi kuuliza?"

"Sikuwahi."

Nilikwenda kwa yule daktari pia. Nikatema mate, nikasema yote, yangu na ya mtoto wa bibi. Aliandika, akauchora ukoo wetu, mwanamume mraba, mwanamke duara, akaniwekea mimi mraba mweusi, alama ya aliyezaliwa na mdomo huo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni mimi?" Akasema hawezi kusema hivyo. Nikamuuliza na ile meli. Akaniambia zile namba za gazetini ni za watu maelfu kwa maelfu waliojumlishwa pamoja, haziwezi kumwonyesha kidole mtu mmoja. Asili inasogeza uwezekano kidogo huku au kule. Mdomo wangu na wa yule mtoto wa bibi una uzito kuliko meli ya babu wa mtu. Lakini hata huo hautoshi peke yake. Vinasaba vingi hukutana, vya pande zote, na mambo mengine ambayo wao wenyewe bado hawayajui. Wakizaa tena, katika mia labda wanne au watano huzaliwa hivyo, waliobaki hapana.

Dada, nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa. Nilitaka aseme ni mimi. Ningelibeba jambo zima nikampelekea yule binti, nikamwambia, "Hili hapa, ni langu, rudi nyumbani." Daktari hakunipa.

Akaniuliza tena, "Dada yako ana watoto?" Nikasema hana. "Walikufa, au hakupata?" Nikasema sijui. Alinitazama, kalamu imesimama. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, ana dada mmoja duniani, na hajui.

Nakuuliza sasa. Kama hutaki, usijibu.

Mdogo wako.


1 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mkeo, mwambie nimekanda goti na chumvi na sasa nanukia kama samaki mkavu, lakini natembea.

Msomee mkamwana haya. Mama alikamua maziwa kwenye kikombe cha bati. Alikukalisha wima juu ya paja lake, kichwa kimeegemea kiwiko, kamwe hakukulaza. Aliufunga mpasuko kwa kidole gumba, akadondosha maziwa kwa kijiko cha chai, ndani ya shavu la upande mzima, tone, akasubiri umeze, tone. Mimi nilishika kikombe. Lishe moja ilikula saa nzima, na ikiisha inakaribia nyingine. Ulipopaliwa mama alikuwa anakupuliza usoni, wewe unashtuka unacheka. Kidole gumba chake kilikuwa cheupe kwa kulowa. Ulikuwa na bahati kwamba kaakaa lako lilikuwa zima. La mtoto wa bibi nadhani halikuwa.

Sasa la kwangu. Nami nilipewa kichupa. Daktari wenu alikituma kwa posta. Kwenye karatasi kuna mahali pa idadi ya watoto. Nimeandika sifuri. Hapakuwa na mahali pa sababu, kwa hiyo sababu nakuandikia wewe.

Ningeweza kuzaa, mdogo wangu. Nilikuwa sitaki. Kabla ya ndoa nilimweleza shemeji yako habari zote, akaniambia haogopi mdomo. Nikamwambia mimi pia siogopi mdomo, naogopa sebule. Nilimwona mama akitajwa ukoo wake mtu mmoja mmoja. Shemeji yako akasema yeye hataketi karibu na mlango. Nilimwamini, na bado sikuweza. Watu walimwonea huruma kwa kuoa tasa, naye akawaacha wanione mimi vibaya au wamwonee yeye huruma, wapendavyo. Alipokuwa hospitali mwishoni aliniambia angependa msichana. Alisema mara moja tu, na akaomba radhi.

Hii sijawahi kuiandika. Usinijibu upesi.

Dada yako.


22 Septemba

Dada yangu,

Umesema nisikujibu upesi, nimetii. Barua yako ninayo mfukoni mwa koti la kazini. Laiti ningalikuuliza mapema.

Mkamwana nilimsomea ile sehemu ya kijiko. Alinitaka nirudie pale pa kupuliza usoni. Bado yuko kwa baba yake, pamoja na mwanangu. Anasema, "Nitarudi nikitaka. Sijataka." Mke wangu alikwenda mwenyewe, akakaa uani nao tangu asubuhi mpaka adhuhuri, walichozungumza sijaambiwa. Mimi naruhusiwa Jumatano na Jumamosi. Nimefundishwa kuminya ile chupa.

Mtoto ameshonwa mdomo Alhamisi iliyopita. Walichelewesha mpaka aongeze uzito. Kaakaa ni mwakani. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na fundi friji, saa mbili na nusu. Alinipa nusu ya gazeti lake, nami nikashika nusu hiyo bila kusoma.

Walipomtoa, uso ulikuwa umevimba, uzi mweusi unapanda mpaka puani, lakini mdomo umefunga. Mwanangu akacheka, fundi akageukia ukuta. Mkamwana alimpokea, akamtazama, akaanza kulia. Tukadhani anamwonea uchungu wa kidonda. Akatikisa kichwa. "Ni vizuri," akasema. "Wamefanya vizuri. Lakini nilikuwa nimekizoea kile kicheko chake kipana. Hakuna aliyeniambia kwamba sitakiona tena."

Dada, hadi siku hiyo nilikuwa na hakika kwamba mdomo niliozaliwa nao hakuna mtu hata mmoja aliyeupenda. Wewe ulikuwepo. Mimi siku ile nilipotolewa, mama alifanyaje?

Mdogo wako.


10 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika leo na ninaijibu leo, kabla ya salamu, utanisamehe.

Alikupokea mlangoni mwa wodi. Akakufunua, akakutazama muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, mtoto wa miaka kumi hata sijatimiza, "Huyu ni yeye?" Nikamwambia ni yeye. Akasema, "Yule wangu alikuwa akicheka mpaka masikioni." Akaketi chini pale pale kwenye sakafu, akakukumbatia, akalia mpaka muuguzi akamletea maji. Watu wote walisema ni furaha.

Nami nimeishi nikijua ni furaha, mpaka leo asubuhi.

Dada yako.